Mistari Iliyofichwa

"Dada, ulitaka kunitumia watu 12 au 400?"

Mwenzangu wa ofisini alinipigia simu dakika tano hivi baada ya mimi kumtumia orodha. Nikamjibu bila kusita: 12. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hebu fungua hilo faili lako, uondoe chujio."

Nikafungua. Nikaondoa chujio, ile amri ya jedwali inayoficha mistari usiyoihitaji. Majina yakamwagika hadi mwisho wa skrini na bado yakaendelea: watu 417, namba zao za simu, tarehe zao za kuzaliwa, majina ya wategemezi wao. Nilikuwa nimewaficha machoni pangu tu. Faili lenyewe halikumwacha nyuma hata mmoja.

Mwenzangu alilifuta nikiwa bado kwenye simu. Tukamweleza mkuu wetu, akatuonya, kazi ikaendelea. Orodha haikutoka nje ya jengo. Hakuna aliyeumia.

Nami sikupata amani kwa wiki sita.

Aliyedhani ni mistari 150

Kilichoninyima amani ni kwamba kosa hilo nilikuwa nalifahamu. Nilikwishasoma habari zake, nikamhukumu aliyelitenda, nikaendelea na shughuli zangu.

Februari 2022 mtumishi mmoja wa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza alikuwa akishughulikia maombi ya Waafghani waliofanya kazi na majeshi ya nchi hiyo. Taliban walikuwa wameishika Kabul tangu Agosti 2021, na watu hao walikuwa wakiomba wahamishwe kabla hawajafikiwa. Akatuma jedwali kwa barua pepe, nje ya mifumo rasmi ya serikali, akiamini lina watu kama 150. Lilikuwa na waombaji wapatao 18,700.

Nataka msomaji atulie hapo kidogo. Aliyetuma hakuwa mwizi wala jasusi. Alikuwa anajaribu kuwasaidia watu walewale aliowaanika.

Agosti 2023 sehemu ya orodha ile ikaonekana Facebook. Mwezi uliofuata mahakama ikatoa zuio la kuitangaza habari hiyo, zito kiasi kwamba hata kuwepo kwake kulikuwa hakuruhusiwi kutajwa. Zuio hilo lilidumu hadi Julai 15, 2025. Serikali ikaanzisha kimyakimya mpango wa kuwahamisha baadhi ya waliokuwa hatarini, na ninaelewa hoja ya zuio: ukitangaza kwamba orodha ipo, unamwambia anayewawinda watu hao aanze kuitafuta. Naielewa hoja. Lakini nikijiweka mahali pa mtu aliyejificha na watoto, ambaye jina lake limekuwa likizunguka kwa zaidi ya miaka mitatu na hajaambiwa, hoja hiyo inanitoka mkononi.

Na haikuwa mara ya kwanza. Septemba 2021 wizara hiyohiyo ilikuwa imewaandikia Waafghani waliostahili kuhamishwa, barua pepe moja kwa watu 245, anwani zote zikiwa wazi kwa kila mpokeaji. Aliyetuma aliziweka kwenye sehemu ya kawaida ya wapokeaji badala ya ile inayoficha anwani. Watu wawili walijibu kwa kuwajibu wote. Mmoja wao akataja mahali alipo.

Mwaka 2023 wizara ilitozwa faini ya pauni 350,000 kwa hilo.

Huyo aliyetaja mahali alipo ndiye ninayemfikiria zaidi. Alipewa barua na jeshi alilolitumikia, akaijibu kama mtu yeyote angejibu.

Fomu ya Mjomba

Mjomba wangu alistaafu jeshini akiwa sajini wa mawasiliano. Nilikwenda kwake nikiwa na swali nililodhani ni jepesi: zamani, kabla ya barua pepe, mtu angewezaje kutuma majina 400 kwa bahati mbaya?

Akafikiri. "Asingeweza," akasema. "Angechoka kabla hajamaliza kuyaandika."

Kisha akachukua karatasi, akanichorea fomu ya ujumbe kama alivyoikumbuka. Juu, daraja la uharaka. Majeshi mengi yana manne: kawaida, kipaumbele, haraka, na lile la juu kabisa linalosukuma kila kitu kingine pembeni. Chini yake, tarehe na saa vikiwa vimeunganishwa katika tarakimu sita na herufi ya ukanda wa saa, ili kikosi kilicho upande wa pili wa dunia kisibishane na makao makuu kuhusu "asubuhi" ni ipi. Halafu daraja la usiri. Halafu mtumaji, ambaye si mtu ila ni cheo au kikosi. Halafu wapokeaji, nao wamegawanywa mara mbili: wanaopelekewa kwa utekelezaji, na wanaopelekewa kwa taarifa tu.

Hapo nilimsimamisha. Sisi ofisini tuna mgawanyo huohuo kwenye barua za karatasi, na tumeuua kabisa kwenye barua pepe. Siku hizi ujumbe unakwenda kwa watu 30, kila mmoja anadhani utekelezaji ni wa mwenzake.

"Bado," Mjomba akasema. Akachora mstari chini ya ukurasa. "Hapa anasaini afisa anayeidhinisha. Mwandishi ni mmoja, anayeidhinisha ni mwingine. Bila saini hii, mimi kwenye mtambo siugusi ujumbe wako, hata uwe na nyota mabegani."

Niliitazama ile nafasi ya saini kwa muda mrefu. Nilidhani nimepata jibu langu.

Barua pepe haina nafasi hiyo. Inashangaza ukikumbuka ilikozaliwa. Mtandao wa ARPANET, ulioanza mwaka 1969, uligharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na ni ndani ya mtandao huo Ray Tomlinson alipotuma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine mwaka 1971, akiitenga anwani kwa ile alama ya @ tunayoijua sote. Kwa hiyo jeshi ndilo lililolipia chombo kinachomruhusu koplo kumwandikia jenerali bila kupita kwa mtu yeyote. Mwaka 1983 sehemu ya kijeshi ikatengwa na kuwa mtandao wake, MILNET. Katika miaka ya 1990 Wamarekani walijenga mfumo mpya wa kurithi ule mkongwe wa ujumbe uitwao AUTODIN, na ndani yake wakajaribu kutenganisha ujumbe wa taasisi, wenye saini na daraja, na maandishi ya mtu binafsi kwa mwenzake.

Ni jaribio ninaloliheshimu. Ila watu wakishapewa njia mbili, moja yenye fomu na nyingine isiyo na fomu, unajua mwenyewe watapita wapi saa kumi na moja jioni.

Nilirudi nyumbani nikiwa na makala nzima kichwani: turudishe saini. Kila orodha inayotoka iidhinishwe na mtu wa pili. Niliandika hata kurasa mbili.

Ujumbe uliopita milango yote

Kurasa hizo mbili nilizitupa baada ya kusoma kuhusu meli ya USS Liberty.

Juni 8, 1967, wakati wa vita vya siku sita kati ya Israeli na majirani zake wa Kiarabu, meli hiyo ya Marekani ya kunasa mawasiliano ilikuwa karibu na pwani ya Sinai. Wakubwa Washington walikuwa wamekwishaona hatari. Amri ya kuiondoa karibu na pwani iliandikwa, ikaidhinishwa, ikapewa daraja, ikatumwa. Ikafuatwa na nyingine. Mfumo ulikuwa na fomu zote alizonichorea Mjomba, na kila mlango ulikuwa na mlinzi.

Hakuna hata moja kati ya amri hizo iliyofika melini kabla ya mashambulizi. Nyingine zilicheleweshwa na foleni ya ujumbe mwingine. Nyingine zilielekezwa kusiko. Mojawapo ilikwenda hadi kituo cha Ufilipino. Mchana huo ndege na mashua za Israeli ziliishambulia meli. Wakafa watu 34, wakajeruhiwa 171.

Huko nyuma, Desemba 7, 1941, mambo yalikuwa yaleyale kwa vyombo vya kale zaidi. Jenerali George Marshall, mkuu wa jeshi la Marekani, aliandika onyo kwa kamanda wa jeshi kule Hawaii. Redio ya jeshi haikuipata Honolulu asubuhi ile, basi onyo likatumwa kupitia kampuni ya simu za maandishi, kama salamu za sikukuu. Bahasha haikuwa na alama yoyote ya uharaka. Kijana wa pikipiki aliifikisha wakati mabomu ya Wajapani yamekwishaanguka Pearl Harbor, bandari ya wanamaji wa Marekani hukohuko Hawaii.

Nilimpigia Mjomba. Nikamsimulia habari za Liberty, nikamuuliza: saini ilisaidia nini hapo?

Alikaa kimya hadi nikadhani simu imekatika.

"Saini ni ya upande wa kutuma," akasema. "Wewe mwanangu unazungumzia kutuma tu. Mimi nilifundishwa kwamba kazi haijaisha mpaka wa upande wa pili aseme *nimepokea*. Usiku mzima nilikuwa naweza kukaa nikiita kituo kimoja. Sijalala mpaka nimesikia hilo neno."

Ndipo fikra yangu ilipogeuka. Nilikuwa nimeshughulishwa na mlango wa kutokea, na nani anayeulinda. Watu waliokufa Liberty, na watu waliokuwa kwenye jedwali la Waafghani, wote walikuwa upande wa pili wa mlango huo. Mfumo ulijua sana habari za mtumaji: cheo chake, ruhusa yake, saa yake. Kuhusu aliyekuwa mwisho wa waya, haukujua kama yuko hai.

Herufi moja

Tazama mwisho wa waya unavyoweza kuhama kwa herufi moja.

Anwani za jeshi la Marekani zinaishia kwa .mil. Anwani za nchi ya Mali zinaishia kwa .ml. Mwaka 2013 Mholanzi Johannes Zuurbier alichukua kazi ya kuendesha kikoa cha Mali, yaani huo mwisho wa anwani zake, akaanza kuona mitambo ikiulizia anwani zisizokuwepo, za jeshi na za wanamaji, zote zikiishia kwa .ml. Watu walikuwa wakisahau herufi i. Akawaonya Wamarekani, zaidi ya mara moja. Mwaka 2023, mkataba wake wa miaka kumi ukielekea ukingoni na kikoa kikirudi kwa serikali ya Mali, aliamua kuzikusanya barua hizo apate ushahidi. Kuanzia Januari hadi Julai akapata karibu 117,000.

Hakukuwa na hati zenye muhuri wa siri. Jambo hilo liliwatuliza wengi, mimi ndilo lililonitia baridi. Zilikuwamo picha za eksirei na taarifa za matibabu, majina ya mabaharia wa meli fulani, picha za kambi, hati za utambulisho. Ilikuwamo ratiba ya safari ya Jenerali James McConville, wakati huo mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, kwenda Indonesia, pamoja na namba za vyumba vya hoteli. Vitu vya karani. Vitu ambavyo mimi navishika kila siku bila glavu.

Pentagon, makao ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilieleza kwamba barua zinazotoka moja kwa moja kwenye anwani za .mil kwenda Mali huzuiwa zisitoke. Nao walikuwa wakisema kweli. Lakini jeshi kubwa haliishi ndani ya ua wake. Lina wakandarasi, mawakala wa safari, hospitali, wake na waume wa askari, na maafisa wanaojitumia kazi kwenye anwani zao binafsi ili wamalizie nyumbani. Kufuli lilikuwa zima, na nyumba ilikuwa na wageni elfu wenye kalamu.

Najua jibu la haraka ni kukaza. Majeshi hukaza: mwaka 2008, kirusi cha kompyuta kilipoingia kwenye mitandao ya jeshi la Marekani kupitia flashi, flashi zikapigwa marufuku. Hulegeza pia: baada ya Septemba 11, 2001 lawama zilikuwa kwamba idara zilifichana taarifa, basi milango ikafunguliwa, na kufikia 2010 askari mmoja wa cheo cha chini, Chelsea Manning, alikuwa ameweza kunakili na kutoa zaidi ya nyaraka 250,000 za kidiplomasia peke yake. Kisha kukaza tena. Sina ugomvi na kukaza. Nimeona tu, hata kwenye taasisi yangu ndogo, kwamba ukiifanya njia halali iwe ngumu mno, watu wema wanaotaka kumaliza kazi ndio wa kwanza kutoa simu zao mfukoni. Yule aliyetuma jedwali la Waafghani alitoka nje ya mfumo rasmi. Sidhani alitoka kwa sababu alipenda nje.

Mpokeaji ambaye hajazaliwa

Kuna mpokeaji mwingine ambaye sikumfikiria kabisa mpaka wiki ya tano.

Julai 12, 1973 moto ulizuka katika kituo cha kumbukumbu za watumishi karibu na St. Louis, Marekani. Uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Kwa askari wa nchi kavu walioacha kazi kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, asilimia 80 ya kumbukumbu zao zilikwenda. Kwa askari wa jeshi la anga wa Septemba 1947 hadi Januari 1964, asilimia 75, na hata moto ulifuata alfabeti: waliopona zaidi ni wale wa herufi za mwanzo, hadi jina la Hubbard. Hakukuwa na nakala. Hakukuwa na faharasa ya kujua nini kilikuwamo.

Nilianza kazi masjala. Niliposoma kwamba hakukuwa na faharasa nilisimama nikatembea.

Maana yake ni mzee anayedai matibabu ya jeraha la vita, anaombwa athibitishe kwamba alikuwa vitani. Mpaka leo mafaili yaliyoungua kingo yanashughulikiwa kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, na kwa yaliyopotea kabisa wahifadhi huokoteza kutoka orodha za mishahara na vyanzo vingine.

Ungedhani kompyuta zilimaliza shida hiyo. Machi 1991 askari wa Marekani walilipua maghala ya silaha kule Khamisiyah, Iraki. Miaka mitano baadaye Pentagon ikatangaza kwamba baadhi ya makombora yale yalikuwa na sarini, gesi ya sumu inayoshambulia neva. Sasa likaja swali dogo kama nukta: siku ile, ni kikosi gani kilikuwa wapi? Ilibidi mahali vikosi vilipokuwa patafutwe upya kutoka kumbukumbu zilizokuwa na mapengo, na mwaka 1997 wanajeshi takriban 100,000 wakaandikiwa kwamba huenda walifikiwa na gesi. *Huenda*. Mtu anapokea barua yenye neno hilo kuhusu mapafu yake mwenyewe.

Ripoti ya kila siku ya mahali kikosi kilipo ni ujumbe wa kuchosha kuliko yote. Unaandikwa na mtu mwenye usingizi kwa mkuu asiyeusoma. Hakuna anayeuwekea daraja la juu la uharaka. Na bado ulikuwa na mpokeaji: yule askari mwenyewe, miaka mitano mbele, akikohoa.

Hapo ndipo wazo langu la kufuta kila kitu, ambalo nalo nilikuwa nimelikumbatia kwa siku kadhaa, likafa. Nilitaka tuweke taarifa chache, kwa muda mfupi, tuzifute mapema. Kwa majina na namba za simu zisizohitajika bado nataka hivyo. Ila siwezi tena kusema "futa" bila kuuliza ni nani atakayekuja kuitafuta hiyo taarifa, na atakuwa katika hali gani.

Wale 417

Niliporudi kazini Jumatatu nilimwomba mkuu wangu jambo moja. Nilitaka kuwaandikia wale 417.

Akashangaa. "Faili lilifutwa. Halikutoka nje. Unawaandikia kuwaambia nini?"

Nikamweleza juu ya zuio la mahakama. Nikamweleza kwamba katika hadithi yote ile, walioandikwa kwenye orodha ndio waliokuwa wa mwisho kujua, na kwamba mimi sikuwa na jaji wala vita vya kunizuia. Nilikuwa na aibu tu.

Alichukua siku mbili. Akaniita, akasema niandike, yeye atasoma kabla haijatoka. Akasaini chini, mahali palepale Mjomba alipochora mstari.

Sikutumia barua moja kwa watu wote. Natuma moja moja, jina moja kila mara, nikisoma anwani kwa sauti herufi kwa herufi kabla ya kubonyeza. Kwa siku naweza kutuma 30. Ndani yake nimesema nini kilitokea, lini, taarifa zipi, nani aliona, na kwamba nitashukuru nikijulishwa kuwa imefika.

Ya kwanza niliituma jana saa nne asubuhi. Saa nne na nusu mama mmoja akanijibu.

"Nimepokea. Ila mume wangu uliyemwandika kwenye faili langu alifariki mwaka juzi. Naomba mrekebishe."